Nusu Athari

Kazi yangu ni kugeuza karatasi kuwa picha.
Asubuhi naingia ofisi ya ardhi, Rustaki,
navaa glavu nyeupe za pamba kama mwosha maiti,
nalaza hati kwenye kioo.
Taa inapita chini yake. Inayofuata.

Hati za kale hazina namba.
Shamba lilijulikana kwa majirani zake:
kaskazini mfereji, mashariki ukuta wa msikiti,
magharibi mitende saba ya mayatima,
kusini fulani.
Kila mtu alikuwa mpaka wa mwenziwe.

Jumatano, sanduku la kumi na nne,
karatasi imeliwa na mchwa pembeni:
hati ya Ghusni bin Hamdi, shamba la juu.
Kaskazini, wakfu. Mashariki, bonde. Magharibi, njia ya punda.
Kusini, shamba la Sanguri, mtumwa aliyeachwa huru,
na nusu athari yake ya maji.

Taa ikapita, ikapiga picha ya kidole changu.

Sanguri ni babu yangu.
Bibi Tufaha alinisimulia jikoni, kwa Kiswahili,
maana Kiarabu kilikuwa cha wageni na cha kesi:
alikwea mitende ya watu hadi magoti yakaota sugu,
alishusha fardhi zilizopakiwa makasha kwenda Amerika,
ujira wake shada moja kwa kila mtende.
Hamdi, siku anakata roho, alisema mbele ya watu watatu:
kipande cha chini ni chake, na maji Kilimia ikichomoza.
Watu watatu. Wote wamezikwa.

Bibi ndiye aliyemwamsha. "Kilimia hiyo. Maji yako yanapita."
Anavunja tope kwa jembe, shamba linakunywa, anaziba.
Hakuwahi kuchelewa.
Hakuwahi kuandika.

Mwaka wa sabini na sita serikali ilikuja na meza na mwavuli.
Mtoto wa Ghusni hakupiga kelele. Alisema kwa upole,
akimshika babu bega:
"Sanguri ni mtu wetu."
Mwandishi akachovya kalamu.

Leo pale kuna nyumba ya mapumziko ya kukodisha,
taa za rangi, bwawa la kuogelea.
Nimepiga hesabu: linajaa kwa zamu moja ya babu.

Mpwa wangu Wadhahi anasoma Alabama.
Ananipigia usiku wangu, mchana wake.
Kuna mzee mweusi jirani yake, baba yao aliacha shamba bila wasia,
likawa la wote. Binamu wa mbali akauza fungu lake,
mahakama ikanadi lote.
"Na hati walikuwa nayo, khalati. Walikuwa nayo."
Nikamuuliza walilima nini.
Pamba, akasema.
Kesho yake kazini nilikawia kuvaa glavu.

Bwana Hilali aliisoma mara mbili. Ni mtu mwema, aliniagizia chai.
"Mpaka si hati," akasema.
"Hii inathibitisha shamba la Ghusni."

Mali bila daftari, alikuwa akisema Bibi, huisha bila habari.
Bibi, daftari lipo.
Tumo ndani yake kama ukuta ulivyomo.

Kwa watu wa mfereji athari ni nusu saa ya maji.
Jikoni kwetu ilikuwa alama inayobaki
pale kitu kilipopita.
Babu alipewa nusu ya hiyo ya kwanza.
Ya pili tumeachiwa nzima.

Nimeirudisha hati kwenye kioo, kidole nje.
Mashine inauliza jina. Sanguri.
Inauliza: mmiliki, shahidi, au mpaka?
Mmiliki.
Inataka namba ya hati.
Naandika namba pekee aliyokuwa nayo: nusu.
Inakataa, inataka tarakimu.
Sifuri, nukta, tano.
Inafikiri kidogo.
Inayofuata, inasema.